Kuhama Lubumbashi bila kukimbia: mwongozo kwa Mtanzania anayerudi nyumbani

Kila ikikaribia Juni simu yangu inaanza. "Kaka, nimeamua kurudi nyumbani, naanzia wapi?" Jibu limekuwa lile lile kwa watu wengi mno, bora niliandike mara moja.

Nina haki kidogo ya kusema. Mimi Lubumbashi, mji wa kusini mwa Kongo, nimeihama mara mbili. Mara ya kwanza niliondoka kama mtu aliyeshikwa na mafuriko: begi mbili, basi la alfajiri, sikuaga mtu. Baada ya miaka miwili biashara ikanirudisha, nikakuta kwenye soko la Kenya (mtaa wa Lubumbashi, siyo nchi) mama aliyekuwa akiniuzia lenga-lenga, yaani mchicha, ameshika kiuno: "Huyu njo Mutanzania alikimbia na makuta yetu." Makuta, yaani hela, yenyewe yalikuwa deni la likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa. Nilitumia miezi minne kusafisha jina. Mara ya pili niliondoka kwa mpango, na huo mpango ndio huu hapa.

Umeandikwa kwa mtu mwenye familia, nyumba ya kupanga na vyombo. Kama uko peke yako na begi moja, ruka hatua unazoona hazikuhusu, lakini ya pili na ya nane usiziruke.

Uwe navyo kabla ya kuanza

- Miezi mitatu. Mwezi mmoja hautoshi, na wanaosema unatosha ni wale walioacha madeni.
- Pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi, ya kila mmoja, hata mtoto mchanga.
- Kadi ya njano ya kila mtu. Kongo ni nchi ya homa ya manjano, Tanzania wataiulizia. Tangu Julai 2016 cheti cha chanjo hiyo ni cha maisha, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie "kuongeza muda".
- Daftari moja la madeni, kurasa mbili: wanaonidai, ninaowadai.
- Faili la plastiki lenye nakala tatu za kila karatasi.
- Dola safi za noti ndogo na kubwa. Nitaeleza chini.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, halafu hesabu kurudi nyuma

Kinachoamua mwezi ni watoto. Shule za Kongo zinaanza Septemba na kufunga mwanzoni mwa Julai. Za Tanzania zinaanza Januari. Ukimtoa mtoto Machi, umempotezea mwaka wa huku bila kumpatia wa kule. Ukiondoka Julai, ana matokeo ya mwaka mzima mkononi na miezi ya kujiandaa kabla ya Januari. Ataihitaji: amesoma kwa Kifaransa, na nyumbani sekondari ni Kiingereza.

Faida ya pili ya Julai ni kwamba mvua hakuna. Huku zinaanza Oktoba au Novemba hadi Aprili, na godoro lililopakiwa juu ya lori wakati wa mvua linafika Mbeya likiwa na uzito wa ng'ombe. Ubaya wa Julai ni baridi ya asubuhi. Masweta yasiingie kwenye mzigo wa mwanzo.

Hatua ya 2: Maliza likelemba

Hii ndiyo inayoharibu majina ya watu, ndiyo maana nimeiweka juu ya pasipoti. Likelemba ni ule upatu wetu: mko kumi, kila mwezi mnachanga, mmoja anachukua. Tatizo ni zamu yako iko wapi.

Kama hujachukua, una bahati. Omba usogezwe mbele, au muuzie zamu yako mtu mwingine mbele ya wanachama wote. Kama ulishachukua, unadaiwa michango yote iliyobaki mpaka mzunguko ufungwe. Ilipe yote kwa mkupuo kabla ya kuondoka, mkononi mwa anayeshika daftari, mbele ya mashahidi wawili, na ufute jina lako kwa kalamu wewe mwenyewe.

Kosa la kawaida: "Nitawatumia kutoka Dar kila mwezi." Hutatuma. Mimi nilisema hivyo hivyo, na nilimaanisha kabisa.

Wanaokudai dukani uwalipe wiki hiyo hiyo. Unaowadai wewe, waambie mapema na ukubali nusu kwa wale wagumu. Deni la mtu aliyehama halina miguu.

Hatua ya 3: Nyumba na garanti

Hapa nikae kidogo, maana ndipo palipo na pesa yako.

Ulipoingia ulimpa bayeri, yaani mwenye nyumba, garanti (amana) ya miezi kadhaa. Sheria ya Desemba 2015 kuhusu nyumba za kupanga inasema kwa nyumba ya kuishi garanti isizidi miezi mitatu, ingawa wengi tulilipa zaidi kwa sababu komisioneri, yule dalali, alisimama katikati akisema wengine wako nje na pesa. Mitatu au sita, kumbuka kitu kimoja: pesa hiyo haipo. Bayeri alishainunulia mabati au alilipia minervali, yaani ada ya shule, ya watoto. Ukienda siku ya mwisho ukitaka akupe taslimu, mtagombana, na aliye na tiketi mkononi ndiye atakayeshindwa.

Kwa hiyo fanya hivi:

a) Toa notisi kwa maandishi, kwa Kifaransa, nakala mbili, asaini zote. Muda usome kwenye mkataba wako.

b) Siku hiyo hiyo pendekeza garanti iliwe: yaani ukae miezi ya mwisho bila kulipa kodi mpaka garanti iishe. Wengi wanakubali kwa sababu hawahitaji kutafuta pesa. Wekeni kwenye karatasi na tarehe ya kutoka. Ukianza kuila bila karatasi, wewe ni mpangaji asiyelipa, na shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, ataitwa.

c) Lipa fakture (bili) za SNEL, ya umeme, na REGIDESO, ya maji, mpaka mwezi wa mwisho na mpe bayeri nakala. Hii ndiyo sababu namba moja ya kukatwa pesa.

d) Paka rangi. Ndiyo, kwa pesa yako. Ndoo mbili za chokaa ni rahisi kuliko ubishi.

e) Zungukeni nyumba pamoja kabla hujafunga mzigo, siyo baada.

Bayeri wangu alikuja na tochi, saa nne asubuhi, jua limejaa chumbani. Akapita ukuta kwa ukuta bila kusema neno. Sebuleni akasimama, akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu la msumari nilikokuwa nimetundika kalenda, akakizungusha taratibu kama daktari wa meno. "Na hii, Papa?" Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya siku niliyoingia: tundu lile lile, msumari ule ule wa mpangaji aliyenitangulia. Akazima tochi. Picha za siku ya kuingia ni mali. Kama hukupiga, angalau piga leo, kabla kijana wa kubeba kabati hajagonga mlango.

Hatua ya 4: Karatasi

Anza na mtoto aliyezaliwa huku. Watu wengi wana cheti cha hospitali tu na wanadhani wamemaliza. Unachotaka ni karatasi ya komini, yaani manispaa, iliyoandikwa juu *acte de naissance* (cheti cha kuzaliwa). Kama mtoto hakuandikishwa ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, njia ni ndefu na inapita mahakamani, ndiyo maana nasema miezi mitatu. Ukiipata, nenda nayo kwa wawakilishi wa Tanzania ili mtoto atambuliwe na apate hati ya kusafiria.

Shuleni chukua biltini, yaani ripoti za matokeo, za miaka yote na cheti kama kipo. Hawatakupa ukiwa na deni la minervali, usijisumbue kuomba. Zitafsiriwe kwa Kiingereza. Matokeo ya nje hulinganishwa na NECTA, na hawasomi Kifaransa kwa hisani.

Viza yako ya ukazi iwe hai siku unayovuka. Ikiwa inaisha wiki mbili kabla, nenda DGM (uhamiaji wa Kongo) mjini uliza, usingoje kuulizwa wewe Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mjini unazungumza na mtu aliyekaa. Mpakani unazungumza na mtu anayeona basi lako linawasha injini.

Hatua ya 5: Uza, gawa, beba

Kanuni yangu: kinachouzwa kwa bei nzuri Lubumbashi kiuze Lubumbashi. Jenereta, friji, betri za sola, makochi, vyote vina wateja siku hiyo hiyo kwa sababu ya umeme wenyewe unavyokatika. Usivibebe kilomita elfu mbili ukavikute vinauzwa vipya Kariakoo.

Beba vitenge, sufuria nzuri, vitabu vya watoto, na yale ambayo moyo umekataa. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ina msamaha kwa vyombo vya nyumbani vilivyotumika, vya mtu anayehamisha makazi. Neno la msingi ni vilivyotumika: seti kumi na mbili za sahani kwenye makaratasi yake ni biashara, na utatozwa kama mfanyabiashara. Andika orodha ya vitu vyote, kila kisanduku na namba yake. Gari lina masharti yake peke yake, waulize TRA kabla hujajaza mafuta.

Maonyo mawili. Vinyago vya malakiti, lile jiwe la kijani, ni ukumbusho mzuri, weka risiti. Mawe ghafi ya shaba au kobalti usiyaguse, hata kipande cha kuwekea mlango, kwa sababu hakuna ofisa atakayeamini habari ya mlango. Na usikubali dereva rafiki akuambie atachomeka mzigo wako kwenye lori la shaba. Mzigo ule unasafiri na lakiri za forodha; ikivunjwa kwa ajili ya godoro lako, umempoteza rafiki na kazi yake.

Hatua ya 6: Zamu na dada wa kazi

Wajulishe kabla ya majirani. Mlinzi, ambaye huku anaitwa zamu, na msaidizi wa ndani wanastahili dekonti ya mwisho: mshahara wa mwezi, likizo walizokuwa hawajachukua, na kitu cha shukrani. Lipa, andikeni, wasaini. Halafu watafutie kazi kwa Mtanzania mwingine. Zamu wangu sasa yuko kwa mtu wa Iringa pale Kampemba, na ndiye anayenitumia habari za mji kuliko redio yoyote.

Hatua ya 7: Hela

Huku tumezoea kulipa kila kitu kwa dola na kurudishiwa chenji kwa faranga. Nyumbani sivyo: tangu Machi 2025 Tanzania ina kanuni zinazokataza kutoza na kulipa bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Panga kubadilisha.

Faranga ya Kongo maliza kabla ya mpaka. Dar hakuna anayeitaka. Dola yenye mchaniko hata wa punje ya mchele itakataliwa Lubumbashi, unajua. Noti chafu na za zamani nazo zitakupunguzia bei nyumbani. Wiki mbili za mwisho, kila noti unayopokea iinue kwenye mwanga, kunja kona, piga ukucha, kama mama wa sokoni anavyofanya. Ukiwa na zaidi ya dola 10,000 mkononi, tangaza.

Kwenye simu kumbuka una pochi mbili, ya dola na ya faranga. Watu wanatoa dola na kusahau faranga laki moja zimelala mle. Na badilisha namba ya WhatsApp kabla laini ya Kongo haijafa, siyo baada.

Hatua ya 8: Kuaga

Utaona ajabu mwongozo wa mambo ya vitendo unaingiza kuaga. Lakini ndiyo hatua inayochukua siku nyingi kuliko zote, na ukiibana mwishoni utaifanya vibaya.

Kwanza mpangilio. Anza na wazee: mzee wa kartie, mzee wa jamii ya Watanzania, bayeri. Kisha msikiti au kanisa. Kisha kazini. Majirani wa parseli, mnaoishi uwanja mmoja, mwishoni, kwa sababu siku ukiwaambia wao, mji mzima umejua. Mzee akisikia habari zako sokoni kabla hajazisikia kwako, hata ukimpelekea mbuzi haisaidii.

Pili, taja mwezi, usitaje siku. Najua inaonekana kama kinyume cha kuaga. Lakini nyumba inayojulikana kuwa na hela ya friji na jenereta ndani, na tarehe ya kuondoka, inajulikana pia kwa wasiokutakia mema. Sema "mwezi wa saba, Mungu akipenda." Siku yenyewe waijue watu watatu.

Tatu, jiandae na swali: "Eh, Papa, banasema uko narudia kwenu? Utaniachia nini?" Mgeni mpya huchukia, anadhani ni omba-omba. Ni njia ya kukwambia kwamba utakumbukwa na kitu chako. Amua mapema nani anapata nini, andika majina chini ya vitu kwa chaki. Mwenye kinu, mwenye jiko la makaa, mwenye viti vya plastiki. Kitu ulichomwahidi mtu usikiuze hata ukipewa mara tatu. Yule mama wa lenga-lenga nilimpa mzani wangu wa dukani. Aliupima kwa kuweka kitambaa chake cha kichwa upande mmoja na jiwe upande wa pili, akacheka, akasema sasa tumelingana.

Nne, fanya kikao kimoja cha chakula, kidogo. Bukari (ugali), samaki wa tomson, sombe (kisamvu), kinywaji cha munkoyo, na kreti la bia ya Simba kwa wanaokunywa. Alasiri, siyo usiku. Atakayesimama kuhutubia mwache ahutubie, hata akirefusha. Kuna mmoja lazima ataingiza Samatta: tangu akiwa Mazembe, mpaka lile kombe la Afrika la 2015, kila Mtanzania mji huu ameulizwa kama ni ndugu yake. Kubali tu kwamba ni binamu.

Tano, omba radhi. Zunguka useme, "Kama kuna nilipokukosea, nisamehe." Kuna mtu atakutajia jambo la miaka sita iliyopita ambalo ulishalisahau. Usijitetee. Msikilize mpaka mwisho, na umshike mkono.

Hatua ya 9: Njia

Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kama kilomita 90. Toka alfajiri, ukiwa na mwanga. Ukivuka tu kuingia Zambia gari linahamia kushoto, na utabaki kushoto mpaka nyumbani. Kama unaendesha mwenyewe, kilomita za mwanzo Chililabombwe nenda polepole, mkono unasahau. Halafu Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Serenje, Mpika, Nakonde. TAZARA inaanzia Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 hadi Dar, ila usijenge ratiba juu ya treni kabla hujathibitisha kwamba inatembea.

Mtanzania haombi viza ya Zambia, lakini mhuri lazima ugongwe. Nakonde na Tunduma ni kituo kimoja tangu 2019, unagongewa kutoka na kuingia mahali pamoja. Sogeza saa mbele, saa moja.

Acha siku nne za akiba. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo kwa siku chache kwa ugomvi wa soda na bia. Soda na bia! Waliokuwa na tiketi za kuunganisha walilala Kasumbalesa.

Hatua ya 10: Mwezi wa kwanza nyumbani

Usiwaache watoto waingie bila maelezo. Kiswahili chao ni cha Lubumbashi, na maneno yale yale yanabeba mizigo tofauti. Huku "bibi" ni mke. Na bibi mzaa baba au mama ni "kambo". Binti yangu alifika Mbeya, akamkumbatia mama yangu kwa furaha yote, akamwita "Kambo!" Mama akaniangalia mimi. Wa kambo? Tangu lini? Ilibidi nieleze mpaka chai ikapoa.

Mambo yakikwama

*Bayeri amekataa kusaini chochote.* Nenda na shahidi kwa shefu wa kartie, acha nakala ya notisi pale, omba mhuri wa kupokea. Mara nyingi bayeri anasaini siku inayofuata.

*Mnunuzi wa friji ameleta nusu ya pesa, anasema nyingine mwisho wa mwezi.* Friji linabaki. Mwisho wa mwezi haupo kwako.

*Ofisa anadai karatasi usiyoijua.* Uliza jina kamili la karatasi hiyo kwa Kifaransa na risiti ya malipo. Ongea taratibu, vua miwani, usipandishe sauti. Karatasi nyingi hupotea zikiombewa risiti, na ile ya kweli itabaki, hiyo uilipe.

*Vijana wa Kasumbalesa wanavuta mabegi.* Chagua mmoja tu kabla hujashuka, patana bei, na mtoto mkubwa atembee nyuma ya mzigo, siyo mbele.

*Mwenzi wako amebadili nia wiki ya mwisho.* Inatokea zaidi ya unavyodhani, hasa kwa aliyeolewa na mtu wa huku. Sogezeni tarehe, tiketi ya basi ni hasara ndogo.

*Umefika Tunduma ukakumbuka ufunguo wa bayeri uko mfukoni.* Mpe dereva wa lori anayeelekea Lubumbashi, kwenye bahasha yenye jina na namba ya simu. Wangu ulichukua siku tisa, na bayeri alinitumia picha ya ufunguo ukining'inia kwenye ule msumari wa kalenda.